Kigoma, mwisho wa reli bila meli

Mgeni akishuka kwenye treni Kigoma leo anaweza kwenda Ujiji asubuhi na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Akilala, kesho yake atapata boti ya abiria Kibirizi itakayomteremsha kwenye hifadhi ya sokwe ya Gombe. Baada ya hapo, kama hana fedha za kukodi ndege ndogo au boti ya kasi, safari yake imeisha. Milima ya Mahale ipo kilomita zipatazo 120 kusini mwa mji, kwenye ufukwe huohuo wa Ziwa Tanganyika, lakini mtu wa kipato cha kawaida hana namna ya kufika huko isipokuwa kwa mateso na bahati. Haikuwa hivyo zamani. Meli ya Liemba ilikuwa ikitoka Kigoma kwenda Mpulungu, Zambia, ikipita mbele ya milima hiyo, na tiketi ya daraja la tatu ilikuwa ndani ya uwezo wa mwalimu wa shule ya msingi aliye likizo.

Tunapozungumzia kudorora kwa utalii wa magharibi, jibu linalotolewa haraka ni kwamba vivutio havijatangazwa vya kutosha. Sikubaliani nalo. Watu wamesikia habari za Gombe duniani kote kwa zaidi ya nusu karne, na maneno aliyoyasema Stanley alipomkuta Livingstone Ujiji yanajulikana hata kwa wasioweza kuionyesha Tanzania kwenye ramani. Mahali hapa hapakupungukiwa na jina. Kilichopungua ni njia. Kigoma na Ujiji ni miji iliyozaliwa na njia, ikalishwa na njia, na kila njia ilipohama au kukatika, mji ulibaki na kumbukumbu zake mkononi bila mtu wa kuzipitia.

Ujiji yenyewe ndiyo ushahidi wa kwanza. Burton na Speke walipofika Februari 1858, wakiwa Wazungu wa kwanza kuandika habari za ziwa hili, walikuta soko linalofanya kazi bila kuwasubiri wao. Chumvi ya Uvinza ilikuwa inavuka ziwa, mawese na samaki vinauzwa, pembe za ndovu na watumwa wanapitishwa kuelekea Tabora na Bagamoyo. Miaka ya 1870 na mwanzoni mwa 1880, Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima, ndiye aliyekuwa mkubwa wa wafanyabiashara wa pwani mjini hapo, hadi alipofariki mwaka 1885. Baada yake likavuma jina la Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyepeleka nguvu zake ng'ambo ya ziwa hadi majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji yalipomshinda mwaka 1894. Kiswahili kinachozungumzwa leo Kalemie, Bukavu na Kisangani kilipanda misafara hiyo, na Ujiji ilikuwa moja ya malango yake makubwa.

Kisha Wajerumani wakahitaji bandari. Ufukwe wa Ujiji uko wazi kwa mawimbi na maji yake ni ya kina kifupi, wakati ghuba ya Kigoma, chini ya kilomita 10 kaskazini, ina kina na imekingwa na vilima. Reli ya Kati iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Kigoma Februari 1914, na stesheni yake kubwa yenye nguzo na matao bado inautazama mji. Reli ilipofika Kigoma, biashara ya Ujiji ilihama. Hakuna vita wala tauni iliyoiangusha Ujiji. Mstari ulichorwa upande wa pili wa kilima, na kizazi kimoja kilitosha.

Kwa hiyo mtu anayekwenda leo kuona mnara wa Livingstone anatembelea mji ambao tayari umeshaporomoka mara moja, na ni vizuri alijue hilo kabla hajaanza kupiga picha. Livingstone alifika hapa mara ya kwanza Machi 1869, mgonjwa, akakuta sehemu kubwa ya mali aliyotumiwa imeibwa. Alirudi Oktoba 1871 kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, alikoshuhudia mauaji ya sokoni Nyangwe mwezi Julai, na hapo ndipo Stanley alipomkuta. Mnara wa mawe uliojengwa mwaka 1927 unataja tarehe 10 Novemba 1871, ingawa wanahistoria wengi wanaamini siku hizo zilihesabiwa vibaya na kwamba walikutana mapema zaidi. Mwembe waliokutania chini yake ulishakufa. Miembe iliyopo uani inaelezwa kuwa ni uzao wake. Ndani ya makumbusho kuna sanamu mbili za wanaume wanaosalimiana, kofia zikiwa zimevuliwa.

Jambo ambalo wageni wengi huliuliza ni kwa nini mahali pale pako mbali na maji, wakati maandishi yote ya zamani yanaiweka Ujiji mdomoni mwa ziwa. Jibu lake ni moja ya habari nzuri kuliko zote za eneo hili. Ziwa Tanganyika lina mto mmoja tu wa kutokea, Lukuga, upande wa Kongo, na katikati ya karne ya 19 mdomo wa mto huo ulikuwa umezibwa na udongo na magugu. Maji yakawa yanapanda mwaka hadi mwaka. Stanley aliporudi mwaka 1876 alikuta michikichi aliyoiona nchi kavu sokoni Ujiji miaka mitano nyuma sasa imesimama majini. Kabla miaka ya 1870 haijaisha kizibo kile kilivunjika, maji yakamwagika kuelekea mto Kongo, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa mita zipatazo 10. Ufukwe ukasogea magharibi, na mwembe wa Livingstone ukabaki juu kwenye mitaa ya watu. Habari hii peke yake ingetosha kumkalisha mgeni Ujiji siku nzima, akitembea kutoka mnarani hadi majini na kuonyeshwa ziwa lilikuwa wapi mwaka upi. Kwa sasa anasimama mnarani dakika chache na kurudi kwenye gari.

Naiona hapo kasoro ya pili, iliyo kubwa kuliko ubovu wa barabara. Urithi wa Ujiji umefungwa ndani ya uzio mmoja na kupewa jina la mtu mmoja. Mgeni hutoka akijua mengi kuhusu wanaume wawili wa Kizungu waliosalimiana, na machache mno kuhusu mji waliosalimiania. Hapelekwi kuona barabara za miembe zinazofuata njia ya misafara. Haelezwi kwa nini Wamanyema ni wengi hivi Ujiji, wala kwamba baadhi ya wazee wao waliletwa hapa kwa minyororo, wengine walikuja kama wapagazi, na wengine kama askari wa wafanyabiashara waliowafunga wenzao. Ni historia inayouma, na zipo familia zenye sababu nzuri ya kuinyamazia. Lakini ukimya wa familia ni haki yake, na ukimya wa taasisi ni uzembe. Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe kwenye orodha ya matarajio ya Urithi wa Dunia, ikitaja Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Hadi leo iko kwenye matarajio.

Uvinza nayo ingeweza kusimama sawa na Ujiji. Wanaakiolojia waliochimba huko miaka ya 1960 walionyesha kwamba watu wamekuwa wakichemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa takriban miaka 1,500. Treni inapita palepale.

Lakini kama kuna kitu kimoja kinachoeleza kudorora huku kuliko vyote, ni meli ile. Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipandevipande na kupakiwa kwenye masanduku yapatayo 5,000, ikaletwa kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Mwaka mmoja na nusu baadaye, tarehe 26 Julai 1916, Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, baada ya mafundi kuipaka mitambo grisi nzito ili isile kutu. Wabelgiji waliiinua ikazama tena. Waingereza waliiibua mwaka 1924, wakakuta mitambo bado inafaa, na Mei 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba, moja ya majina ya kale ya ziwa hili.

Wapenzi wa meli kongwe husimulia hayo na kuishia hapo. Sisi tuliokulia kando ya ziwa tunaikumbuka kwa kazi yake. Kati ya Kigoma na Mpulungu ilikuwa ikisimama vijiji vingi visivyo na gati. Ilipiga honi, ikasimama mbali na ufukwe, na mitumbwi ikatoka gizani kuikimbilia. Mlango wa ubavuni ukafunguliwa. Mama mwenye mtoto mgongoni akavushwa kutoka mtumbwini kwa mikono ya watu asiowajua, nyuma yake magunia ya dagaa, mananasi, kuku, vitanda, mgonjwa aliyelazwa kwenye machela. Ndani ya robo saa mlango umefungwa. Mgeni aliyekuwa anakwenda Mahale alishuka Lagosa kwa mlango huohuo. Alikuwa ameshalipia chai ya mpishi, kitanda cha daraja la pili na mtumbwi wa kumfikisha nchi kavu, na fedha hizo zilibaki kwa watu watatu tofauti kabla hajaliona lango la hifadhi. Mwaka 1997 meli hiyohiyo iliwarudisha wakimbizi Kongo, na mwaka 2015 ikawatoa Warundi waliokuwa wamerundikana Kagunga na kuwaleta Kigoma.

Mwishoni mwa miaka ya 2010 Liemba ikasimama. Mwongozo, meli nyingine ya abiria iliyohudumu ziwani tangu miaka ya 1980, nayo imekaa miaka mingi bila kazi. Mkataba wa ukarabati mkubwa wa Liemba ulipokuja kusainiwa, miaka kadhaa ilikuwa imeshapita, na miaka hiyo hairudishwi na rangi mpya. Wachuuzi waliokuwa wakisafiri nayo walitafuta biashara nyingine. Vijiji vya kusini vilizoea boti za mbao, ambazo hubeba watu na mizigo pamoja na hukimbilia ufukweni upepo ukizidi. Wageni waliokuwa wakipanga safari ya Kigoma, Mahale, Kasanga hadi Mpulungu kama safari moja walifuta ukanda wote kwenye mipango yao. Mahale, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1985, ambako watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto wamewafuatilia sokwe tangu mwaka 1965, sasa inafikiwa zaidi na wanaoruka kwa ndege ndogo kutoka Arusha bila kukanyaga Kigoma. Hifadhi bado inaingiza mapato. Mji ndio uliotolewa kwenye hesabu.

Gombe iko karibu zaidi, kilomita 16 kaskazini, na kwa sababu hiyo haijakatika. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alishuka kwenye ufukwe wake Julai 14, 1960, na hadi alipofariki Oktoba 2025 jina lake na la hifadhi hiyo yalikwenda pamoja. Ni hifadhi ndogo mno, na sokwe wake ni kama 100 hivi. Udogo huo ndio hatari yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Goodall aliruka juu ya eneo hilo na kuona msitu wa Gombe umebaki kipande cha kijani katikati ya vilima vilivyokwanguliwa kwa mashamba, kuni na mkaa, katika mkoa uliokuwa ukipokea wimbi baada ya wimbi la wakimbizi. Mwaka 1994 taasisi yake ilianzisha mradi wa TACARE, uliofanya kazi na vijiji kwenye miti, maji, elimu na afya ya uzazi, na sehemu za vilima zimeanza kujifunika tena. Huo ni mfano nadra hapa wa jambo lililoanza kuharibika na kushughulikiwa. Lilishughulikiwa kwa sababu kulikuwa na mtu aliyekaa muda mrefu wa kutosha kuona tofauti.

Udongo unaoporomoka kwenye vilima hivyo huishia ziwani, na hapo ndipo habari ya wageni na habari ya wavuvi zinapokuwa kitu kimoja. Nenda Katonga asubuhi, siku ambazo hakuna mbalamwezi. Vipe, yaani vyombo vya wavuvi, vinaingia kimojakimoja, taa zikiwa bado zimefungwa kwenye miti yake ingawa jua limeshatoka. Wanawake wanasubiri na ndoo. Dagaa hupimwa, bei hupigwa kelele, na kabla saa tatu haijafika wameshaanza kutandazwa kwenye vichanja vya wavu na kwenye changarawe, mkono ukipita juu yao kuwatenganisha ili wasishikane. Dagaa aliyekauka vizuri hubaki na rangi ya fedha na huvunjika kwa mlio. Aliyenyeshewa hubadilika rangi, na bei yake huporomoka siku hiyohiyo. Kwa mgeni mwenye macho, hiki ni kivutio sawa na mnara wowote, na barabara ya kwenda ufukwe wa Jakobsen, ambako watu huogelea wakiwatazama samaki wenye milia kwenye miamba, inapita hapahapa Katonga. Magari mengi hayasimami.

Wakisimama watasikia jambo ambalo kila anayekausha dagaa hapa anaweza kulieleza: samaki wamepungua. Wavuvi wameongezeka, nyavu zenye matundu madogo zimeenea, na makokoro yaliyopigwa marufuku bado huvutwa usiku. Lakini kuna sababu isiyoonekana kwa macho. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na chakula cha viumbe wake kimelala chini kabisa. Upepo wa kusini wa miezi ya kiangazi ndio unaoyavuruga maji na kukipandisha juu. Tabaka la juu likipata joto zaidi huwa jepesi na hugoma kuchanganyika na la chini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kwenye jarida la Nature ulikadiria kwamba uzalishaji wa chakula cha msingi ziwani ulikuwa umeshapungua kwa takriban asilimia 20, na kwamba hilo linaweza kumaanisha samaki pungufu kwa karibu asilimia 30. Hakuna askari wa doria anayeweza kulikamata joto.

Maji yenyewe nayo yamepanda tena. Kuanzia mwaka 2020 ziwa limefunika fukwe, vichanja na nyumba za watu waliojenga karibu, Bujumbura na upande wetu pia. Historia ya Lukuga inatuonyesha kwamba ziwa hili hupanda na kushuka kwa viwango vikubwa ndani ya maisha ya mtu mmoja. Kila gati, kila mwalo na kila hoteli inayojengwa mita chache kutoka majini inapaswa kuchorwa na mtu anayeijua historia hiyo, na sijaona dalili kwamba inasomwa.

Mwaka 2024, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolimiliki ziwa, uvuvi ulifungwa kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili dagaa na migebuka wazaliane. Uamuzi ulikuwa sahihi. Ukali wake uliangukia mialo kama Katonga, ambako vyombo vilivutwa juu, injini zikafungwa, na wanawake wa vichanja wakabaki bila cha kuanika. Wapo waliokwenda kulima, wapo waliokopa.

Reli ya kisasa inakuja. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, na tawi la kutoka Uvinza kwenda Burundi nalo limeanza. Mipango yote ninayoisikia inahusu mizigo: shaba na kobalti ya Kongo, nikeli ya Burundi, makontena. Mizigo ni sawa, ndiyo itakayolipa deni. Lakini mwaka 1914 reli ilikuja kwa ajili ya mizigo na ikaiacha Ujiji nje kwa sababu hakuna aliyeiwekea nafasi kwenye mchoro. Manispaa ya Kigoma-Ujiji, Wizara ya Maliasili na Utalii na wanaopanga ratiba za reli na meli wana miaka michache ya kukaa meza moja kabla treni ya kwanza haijaingia. Swali la kwanza mezani liwe moja: abiria akishuka, chombo cha kwenda kusini kinaondoka saa ngapi na siku gani? Liemba ikirudi na ratiba isiyoaminika, itakuwa makumbusho yanayoelea.

Na kuna jambo linaloweza kuanza bila kusubiri reli wala meli. Miezi ya kufungwa kwa ziwa, Mei hadi Agosti, inaangukia kiangazi, na kiangazi ndio msimu ambao sokwe wa Gombe na Mahale huonekana kwa urahisi na wageni wengi huja. Wakati huo Katonga na Kibirizi zimejaa vyombo vilivyolala na manahodha wanaolijua ziwa usiku na mchana. Baadhi ya vyombo hivyo vikaguliwe na TASAC, msimamizi wa usafiri wa majini, vipewe majaketi ya kuokolea maisha, redio na paa la kujikinga jua, na leseni ya muda ya kubeba wageni kwenda Gombe, Ujiji na fukwe za kusini. Ada ya leseni hiyo iwe ndogo kwa mvuvi aliyetii kufungwa kwa ziwa, na asiyetii asipewe. Akina mama wa vichanja wapike kwenye mialo hiyohiyo. Mafundi wa Ujiji wanaounda vyombo kwa shoka na tezo, wakiziba mianya ya mbao kwa pamba, walipwe kuonyesha kazi yao, kwa kuwa ndio warithi wa bandari iliyokuwepo kabla ya Burton. Halmashauri inaweza kupitisha utaratibu huu kwa msimu mmoja wa majaribio, na tarehe ya kufunga ziwa itangazwe mapema ili manahodha wapate muda wa kukaguliwa kabla nyavu hazijawekwa chini.